Dirisha na Njia

Kila kinunuliwacho huuliza maswali mawili. La kwanza ni la mfuko: Je, ninao uwezo? La pili ni la moyo: Je, yanipasa? Watu wengi hujibu la kwanza wakadhani wamekwisha kujibu yote mawili. Mtu anunuapo mchele au sabuni kosa hilo halimdhuru sana, maana haja ya mchele hujieleza yenyewe. Lakini viko vitu ambavyo haja yake haijielezi. Kimojawapo ni chumba cha kupanga kwa siku chache za likizo, kilichojengwa kuelekea bahari, ambacho mtu hulipa zaidi kwa ajili ya kile kionekanacho dirishani. Katika makala haya nataka kuuliza kama ni vema mtu wa kipato cha wastani kupanga chumba cha namna hiyo, na kama ni vema, ni kwa masharti gani. Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali la pumziko, na swali la haki, na swali la kile hasa apatacho binadamu aitazamapo bahari.

Nimechagua mfano wa Boko kwa sababu huko swali hili lina ukali wake. Boko iko kaskazini ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, baada ya Tegeta na kabla ya Bunju. Upande wa mashariki, kupita Ununio na Mbweni, kuna bahari. Na upande wa bara kuna kilima cha Wazo, ambacho mawe yake ya chokaa husagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966. Mawe hayo yalikuwa matumbawe ya bahari ya zamani sana. Kwa hiyo nyumba nyingi za ghorofa zinazoinuka leo pwani zimejengwa kwa bahari ya kale ili zipate kuitazama bahari ya sasa. Baadhi ya nyumba hizo zimegawanywa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na jiko lake na choo chake ndani, na madalali huviita studio.

Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yangu, alinijia kutaka shauri. Ana watoto watatu na mama mzee. Mkewe ni muuguzi, na nusu ya maisha yake huipitisha katika zamu za usiku. Kwa miaka sita watu hawa hawakupata kulala mahali pengine isipokuwa nyumbani kwao au msibani. Mwalimu aliona katika simu tangazo la studio ya pwani: kitanda kikubwa, jiko, na roshani ya kutazamia bahari. Tangazo liliahidi hata machweo ya jua juu ya maji. Hapo ningeweza kumwonya mara moja, maana pwani yetu yaelekea mashariki. Jua letu huchomoza baharini na kutua nyuma ya Wazo. Bei ya usiku mmoja ilikaribia mshahara wake wa juma zima, na dalali alitaka arubuni kabla ya Ijumaa. Fedha alikuwa nazo. Kilichomsumbua ni kuwa bahari hiyo hiyo iko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mlangoni pake. Akaniuliza, "Ndugu yangu, mtu hununuaje kitu alicho nacho?"

Swali lake lina hoja tatu zilizoshikana, na ni vema tuzifungue moja moja. Ya kwanza ni hoja ya israfu, ya pili ni hoja ya upuuzi, na ya tatu ni hoja ya dhuluma.

Hoja ya israfu husema kuwa fedha ya starehe ni fedha iliyoibwa kwa haja. Katika ukoo wetu haja hazina mwisho: mpwa hana sare ya shule, shangazi anadaiwa dawa, na ukuta wa nyumba haujapigwa lipu. Atumiaye mshahara wa juma zima kwa usiku mmoja atawatazamaje watu hawa? Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuidharau. Udugu wetu umesimama juu ya watu waliojinyima. Lakini ikifuatwa mpaka mwisho wake, hoja hii humhukumu kila mtu kufanya kazi bila ya kikomo, kwa sababu haja ya ndugu mmoja ikiisha, ya mwingine huanza. Mwanadamu si kisima kisichokauka. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilitaja pumziko na wakati wa faragha miongoni mwa haki za kila mtu. Na sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka. Waliotunga maneno hayo walijua kuwa asiyepumzika hupungukiwa hata na kile anachowapa wengine. Muuguzi aliyechoka hukosea dawa. Mwalimu aliyechoka humpiga mtoto aliyestahili kuelezwa.

Basi pumziko ni haki. Lakini si kila kiitwacho pumziko humpumzisha mtu. Nilimwuliza jirani yangu, "Jiko lililosifiwa katika tangazo, atapika nani?" Akanyamaza. Tangazo lilihesabu jiko kuwa neema, na kwa mwenye kupikiwa ni neema kweli. Kwa mke wake lilikuwa kazi ile ile ya Boko iliyohamishiwa pwani, mbele ya sufuria ngeni. Tena chumba kilikuwa kimoja. Watoto wangelala wapi, na mama mzee angebaki na nani? Chumba cha namna hii kimekatwa kwa kipimo cha watu wawili wasio na mtu nyuma yao, na wengi wetu tuna watu nyuma yetu. Silaumu mume na mke kutaka siku mbili peke yao. Ndoa pia hukauka isipotiwa maji. Nasema tu kwamba kabla ya kuhesabu gharama ya chumba tuhesabu kazi: ni ya nani itakayopungua, na ni ya nani itakayoongezeka? Likizo ambayo mmoja hupumzika na mwingine hubadilisha jiko haistahili jina hilo. Na likizo inayokopewa fedha, ili picha zake zionwe na watu, ni kazi nyingine tena, maana deni huendelea baada ya picha kusahauliwa.

Hoja ya pili, ya upuuzi, ndiyo aliyoisema mwalimu mwenyewe: kununua kitu nilicho nacho. Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Aliyesimama ufukweni Ununio huona maji yale yale ayaonayo aliyelala katika roshani, na hakuna wimbi linalojua ni nani aliyelipa. Ikiwa ndivyo, kinachouzwa ni nini?

Kwa maoni yangu vinauzwa vitu viwili. Kimoja ni utengano: kuwa mahali ambapo mlango haugongwi, ambapo hakuna aitaye "mama" wala "mwalimu". Kitu hiki hakipatikani nyumbani, hata kama nyumba iko hatua kumi kutoka majini, na hakuna upuuzi katika kukilipia. Kitu cha pili ni bahari iliyogeuzwa kuwa picha, na hapa tunapaswa kutafakari zaidi, kwa sababu wazo la kuwa bahari ni kitu cha kutazamwa si la kale katika pwani hii.

Mtu akizitazama nyumba za mawe za kale za Lamu, ataona kuwa zilijengwa kwa kuelekea ndani. Madirisha ya nje yalikuwa machache. Mwanga na hewa viliingia kwa kiwanda cha katikati, na mgeni alipokewa katika daka la mlangoni. Wenye nyumba hizo waliishi kwa bahari, wakatajirika kwa bahari, na wengine wakafa baharini. Lakini hawakuijengea madirisha. Bahari kwao ilikuwa njia. Pepo za kaskazi zilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi zikavirudisha. Mtu ana ushahidi wa jambo hili karibu na Boko yenyewe: katika magofu ya Kunduchi yako makaburi ya kale yenye nguzo, ambayo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mabakuli hayo hayakufika kwa kutazamwa bahari. Yalifika kwa sababu bahari ilikuwa wazi kwa mwenye chombo, na ufukwe ulikuwa wazi kwa mwenye kushusha mzigo.

Hata leo, watu wa pwani huijua bahari kwa mguu kabla ya jicho. Maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua hutoka mbali mpaka miamba na nyasi za baharini hulala wazi juani. Mpangaji aliyelipia maji ya buluu huamka akakuta uwanda wa tope na mawe, naye hudhani kuwa ametapeliwa. Saa hiyo hiyo wanawake hushuka na vikapu kutafuta kome na pweza, na wavuvi hukagua madema yao. Kwa mtazamaji bahari imeondoka. Kwa hao wengine bahari imefungua ghala. Sisemi kuwa mtazamaji ni mjinga. Ziko furaha za macho zilizo safi, na mtu aliyekesha wodini ana haki ya kuona kitu kisichoumwa. Nasema kuwa mtazamo peke yake ni sehemu ndogo ya bahari, na alipaye bei kubwa kwa sehemu ndogo yafaa ajue kuwa ndogo ndiyo aliyoinunua.

Hoja ya tatu ni ya dhuluma, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Bahari haiwezi kuuzwa, lakini njia ya kwendea baharini yaweza kufungwa. Ukuta mmoja watosha. Mahali palipokuwa na kijia cha wavuvi hujengwa lango, na mbele ya lango huwekwa mlinzi; na mlinzi huyo aghalabu ni kijana wa mtaa ule ule, aliyejifunza kuogelea mahali anapowazuia wadogo zake. Hakuna aliyeiba maji. Kilichochukuliwa ni hatua mia za mchanga kati ya nyumba na maji, na kwa mvuvi hatua hizo ni sawa na bahari nzima.

Jambo hili lina historia katika mji wetu. Zamani za ukoloni, Oysterbay ilitengwa kuwa makazi ya Wazungu, mahali pa upepo mwema, na Mwafrika alifika huko kwa kazi. Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika kijitabu chake Mali ya Taifa, cha mwaka 1958, kupinga ardhi kufanywa bidhaa ya mtu binafsi. Na mwaka 1963, baada ya Uhuru, umilikaji wa ardhi usio na ukomo uliondolewa kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ikaongeza kinga ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ambamo shughuli za kudumu zenye kuhatarisha mazingira zimekatazwa. Kwa hiyo maneno ya haki yameandikwa. Lakini sheria ni maandishi, na ukuta ni mawe. Na katika mashindano ya siku kwa siku mawe husimama yakisubiri mtu wa kuyasomea maandishi.

Wasomaji wa jarida hili wapaswa kukumbuka kuwa swali la utalii liliulizwa kwa ukali katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1970 vijana wa TANU chuoni walianzisha mjadala magazetini wakihoji kama nchi inayojenga ujamaa yafaa kumwaga fedha yake katika mahoteli ya pwani. Na mwaka 1973 Issa Shivji aliyakusanya majadiliano hayo katika kitabu. Hofu kubwa ya vijana hao ilikuwa kwamba mgeni angekuja kustarehe na mwenyeji angebaki mtumishi katika nchi yake. Walimwona mgeni kuwa mtu wa ng'ambo. Leo mgeni wa roshani ni mwalimu wa Boko. Rangi ya mpangaji imebadilika, lakini lango halikubadilika, na swali lao limekuwa gumu zaidi kwa sababu sasa twaulizwa sisi wenyewe. Ni rahisi kumshutumu mtalii wa mbali. Ni vigumu kujiuliza kama kitanda nilichokilipia kwa jasho langu halali kimewekwa juu ya kijia cha jirani yangu.

Mtu aweza kunijibu kuwa mpangaji wa siku mbili si mwenye ukuta. Hakujenga, wala hakushauriwa, na akikataa yeye, atapanga mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, mpaka katazo hilo lilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini halikumkataza mtu yeyote kuwa mpangaji. Jibu hilo ni la kweli nusu. Hatia ya mpangaji ni ndogo kuliko ya mjenzi, kama vile hatia ya mnunuzi wa samaki wa baruti ni ndogo kuliko ya mlipuaji. Lakini ndogo si sifuri. Ukuta hujengwa kwa matumaini ya kodi, na kodi ni jumla ya siku mbili mbili za watu wasio na hatia kubwa. Tena mpangaji ana kitu ambacho mvuvi hana: anasikilizwa. Dalali anayengoja arubuni atalijibu swali la mwenye fedha upesi kuliko malalamiko ya mwenye kikapu.

Kwa sababu hizi nilimshauri mwalimu aulize swali moja kabla ya kulipa: "Watu wa mtaa hupita wapi kwenda baharini?" Aliuliza. Dalali alimhakikishia kwa furaha kuwa hakuna wasiwasi, hawapiti. Ufukwe ni wa wageni tu. Alilitaja jambo hilo kama sifa ya nyumba. Mwalimu akaniambia kuwa ameamua kuacha mpango wote. Wataamka mapema Jumapili, watatembea mpaka Ununio, na kurudi jioni.

Nami ningemaliza makala kwa kumsifu, kama mkewe asingalisema neno. Alimwambia, "Baba watoto, wewe unazungumza njia, na mimi miguu yangu imechoka. Natembea wodini usiku kucha. Sitaki kwenda baharini, nataka kukaa niione." Maneno haya yana uzito kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya starehe. Mwenye afya husifu njia kwa urahisi. Aliyechoka, mgonjwa, mzee, na mwenye ulemavu huifikia bahari kwa jicho tu, na kwao dirisha ndiyo njia. Mama mzee wa mwalimu huyo, ambaye magoti yake hayamruhusu kukanyaga mchanga, angeweza kuiona bahari kwa namna ipi nyingine? Kwa hiyo yeyote ahukumuye kuwa kulipia dirisha ni anasa tupu amesahau kuwa watu wote hawana miguu sawa.

Basi dirisha lina haki yake, na njia ina haki yake, na kazi ya busara ni kuona kwamba la kwanza halinunuliwi kwa bei ya la pili. Haya si mambo yasiyopatana. Yako majengo ya pwani yaliyoacha ujia wazi kando yake, ambapo mtu wa roshani humwona mvuvi akipita na makasia begani, na mvuvi humwamkia, na hakuna aliyepungukiwa. Watu wale walitafuta nyumba ya namna hiyo wakaipata kuelekea Mbweni, nyumba kuukuu isiyo na sifa katika tangazo. Walipunguza siku nne kuwa mbili ili bei itoshee vyumba viwili, wakamchukua mama mzee, na wakakubaliana kuwa jiko halitawashwa ila kwa chai. Samaki wa kukaanga hununuliwa.

Kutokana na mfano huu naona kuwa mwenye kutaka kupanga ana mambo matatu ya kupima. Kwanza, fedha iwe yake, isiwe ya deni wala ya haja ya mtu asiyeweza kungoja. Pili, pumziko ligawanywe, lisiwe la mmoja kwa mgongo wa mwingine. Tatu, njia ya umma iwe wazi. Na kama imefungwa, chumba kiachwe, hata kama ni rahisi na kizuri, na dalali aambiwe sababu kwa maneno yanayosikika. La tatu hupuuzwa kuliko yote, kwa sababu halionekani dirishani. Mtu akiwa ndani huona maji. Ukuta uko nyuma yake.

Na tuongeze jambo moja kwa ajili ya wenye kujenga. Bahari yenyewe haitambui hati. Mbezi Beach kuna kituo cha basi kiitwacho Africana, na jina hilo ni la hoteli iliyokuwa pwani ya Kunduchi, ambayo ufukwe wake uliliwa na mawimbi. Hoteli ilikwenda, jina likabaki kwa abiria. Ufukwe ni mpaka unaosogea, na ajengaye ukuta juu yake hufunga kitu ambacho kesho chaweza kuwa maji. Mja hupewa bahari kwa muda, kama apewavyo siku zake 28 za likizo. Aitazame kwa shukrani, katika roshani au juu ya mchanga, na atakapoondoka aiache njia ya mwenzake kama alivyoikuta, au pana zaidi.